Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Moja, Injini Mbili

SWALI: Salamu kwenu mafundi wa jarida. Tuna Toyota DX tunayoiandaa kwa mbio za autokrosi, na tunataka iwe ikibeba injini mbili kwa zamu: 4A-GE ya valvu 16 na 3S-GTE ya turbo. Kwa sasa kila tukibadilisha injini tunang'oa na waya zote na kompyuta yake inayoongoza mafuta na cheche (ECU), kazi ya siku moja inakula siku tatu. Tumeamua kununua kompyuta moja ya kuprogramu ibaki ndani ya gari. Tuangalie nini kabla ya kutoa pesa? – Msomaji, Kariobangi

JIBU: Ndugu msomaji, jina la kompyuta liacheni kwanza, chukueni daftari. Kila injini ipewe ukurasa wake: nozeli (za kunyunyizia mafuta) ngapi na kila moja ina omu ngapi, koili (za cheche) ngapi na za aina gani, sensa ya kranki ina waya mbili au tatu, gurudumu ambalo sensa hiyo hulisoma lina meno mangapi, na vitu gani vingine vinasubiri amri ya kompyuta, kama valvu ya turbo, feni na pampu ya mafuta. Halafu kwa kila kipengele chukueni hesabu iliyo kubwa zaidi kati ya kurasa hizo. Kompyuta inayotosheleza orodha hiyo ndiyo yenu.

Injini zenu zote ni za silinda nne, kwa hiyo njia nne za nozeli na nne za koili zinatosha. Haltech Elite 1500 na Link Atom ziko hapo. ECUMaster EMU Black ina sita kwa sita, tena inasoma sensa ya lamda (inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta) ya Bosch LSU 4.9 bila kisanduku cha pembeni. Kama mna ndoto ya kuweka V8 ya 1UZ, ya silinda nane, baadaye, nunueni ya nane kwa nane sasa hivi, mfano Elite 2500 au Link Xtreme, maana kuuza kompyuta iliyotumika ni hasara. MegaSquirt ni ya bei nafuu na maelezo yake ni mengi, lakini inataka mtu mwenye subira ya kusoma. Kati ya hizi zote, sisi tungechukua ile ambayo fundi wenu wa daino (mashine ya kupima nguvu za injini) ameshaizoea. Kompyuta ghali mikononi mwa mtu anayeibahatisha huvunja pistoni.

Mahali watu wengi hukwama ni kwenye sensa ya kranki. Kwenye Toyota za zamani kama hizi kompyuta husoma mzunguko kutoka ndani ya distributa (kigawanya cheche). Gurudumu la meno 24 linalozunguka mara moja kila kranki inapozunguka mara mbili linatoa jino moja kwa kila digrii 30 za kranki. Ongeza mkanda wa taimingi uliolegea kidogo na shafti ya distributa iliyolika, na cheche inayumba. Matoleo pia hayafanani, kwa hiyo fungueni kifuniko mhesabu meno kwa macho yenu.

Ushauri wetu ni kufanya injini zote mbili zifanane mbele ya kompyuta. Kateni magurudumu mawili ya chuma cha kawaida, unene wa milimita 4 hadi 5, nafasi 36 jino moja likiwa limeondolewa. Karakana za kukata kwa leza Industrial Area zinafanya kazi hii vizuri mkiwapelekea mchoro. Msikate kwa alumini, sensa haitaiona. Gurudumu likae kwenye puli ya kranki, na hapa mtazame kwa makini: puli nyingi zina sehemu mbili zilizounganishwa kwa mpira. Fungeni gurudumu kwenye kitovu cha ndani. Mkilifunga kwenye ringi ya nje, mpira ukiteleza taimingi (wakati wa kupiga cheche) inahama na hakuna atakayejua mpaka injini igonge, yaani mafuta yalipuke vibaya ndani ya silinda. Wekeni sensa ya Hall (ya kielektroniki) ya waya tatu, nafasi ya milimita 1 kati yake na jino, na pengo la jino lililokosekana lipite kwenye sensa digrii 60 hadi 90 kabla ya pistoni ya kwanza kufika juu. Ishara moja ya kemshafti ndani ya distributa iacheni, inahitajika ili nozeli zipige kwa zamu.

Mkiamua kubaki na sensa za sumaku za waya mbili, jueni kwamba waya hizo zina upande. Mkizigeuza injini inaweza kuwaka na kutulia vizuri sana, lakini ukipandisha mizunguko alama ya taimingi inatembea. Funikeni waya hizo kwa kinga ya chuma, na kinga iungwe kwenye hasi upande wa kompyuta tu.

Nozeli nazo zipimeni kwa multimita. Za omu 12 hadi 16 zinaungwa moja kwa moja. Za omu 2 hadi 3, ambazo mtazikuta kwenye 3S-GTE za kizazi cha pili, zinavuta karibu ampea 6 kila moja na zinaweza kuua kompyuta isiyotengenezwa kwa ajili yake. Tumieni kisanduku cha rezista kilichokuja na injini hiyo, au badilisheni nozeli.

Sasa waya. Waya za bodi zibaki kwenye gari, kila injini iwe na waya zake, na zikutane kwenye plagi moja kubwa kwenye bati linalotenga injini na kabini. Deutsch HDP20 ya pini 31 inafaa, pini zake zinabeba hadi ampea 13. Tulipohesabu nozeli, koili, kranki, kemshafti, joto la maji na hewa, throto, presha ya oili na ya mafuta, sensa ya kugonga, valvu ya turbo na umeme wa kuzilisha, tulifika pini 27. Pini namba 5 iwe na kazi ileile kwenye injini zote, daima. Sensa ya lamda na ya presha ya manifoldi zikae upande wa bodi, mhamishe bomba na mpira tu. Na sensa za joto nunueni za aina moja kwa injini zote mbili.

Jambo la mwisho kwenu: kompyuta nyingi zina swichi ya kubadilisha ramani. Swichi hiyo hubadilisha majedwali ya mafuta na cheche, lakini mara nyingi haigusi mpangilio wa meno, muda wa nozeli kufunguka wala muda wa koili kuchaji. Kwa hiyo kila injini iwe na faili lake kamili, jina la faili lifanane na kibandiko kilicho kwenye waya za injini hiyo. Hata masafa ya kugonga yanatofautiana: 4A-GE yenye kipenyo cha silinda cha milimita 81 hugonga karibu na kilohezi 7.1, 3S ya milimita 86 karibu na 6.7. Baada ya kupakia faili, chomoeni nozeli, pigeni stata, hakikisheni mizunguko inasomeka bila kosa hata moja. Rudisheni nozeli, fungeni taimingi kwenye digrii 10, na kwa taa ya taimingi tazameni alama ikibaki palepale kutoka mizunguko 1,000 hadi 4,000. Isipobaki, gari lisitoke.

SWALI: Tulinunua koili za Probox pale Kirinyaga Road tukaziunga kwenye kompyuta mpya. Mbili zimeungua swichi ikiwa imewashwa tu, injini haijapigwa stata. Ni feki? – Msomaji, Ngara

JIBU: Huenda ni nzima. Koili hizo za waya nne zina ignita (swichi ya kielektroniki ya koili) ndani. Huanza kuchaji ishara inapopanda na hupiga cheche inaposhuka. Mpangilio ukigeuzwa kwenye kompyuta, koili inachaji muda wote swichi ikiwa imewashwa mpaka inayeyuka. Badilisheni upande wa ishara kabla ya kuunga koili nyingine. Anzeni na milisekunde 3 za kuchaji kwa volti 14. Waya wa nne ni wa kurudisha taarifa, kompyuta yenu haiuhitaji.

SWALI: 4A-GE yetu imetuniwa Nairobi na inakwenda vizuri. Kwa nini ikishuka Mombasa inagonga? – Msomaji, South B

JIBU: Nairobi presha ya hewa ni kama kilopaskali (kPa) 82, Mombasa ni 101. Injini isiyo na turbo, hata throto ikiwa wazi kabisa, haijawahi kufika mistari ya kPa 90 na 100 ya jedwali lenu hapa Nairobi. Mistari hiyo ni ya kukisia, na Mombasa ndiko inakotumika kwa mara ya kwanza. Kabla ya safari ongezeni mafuta kidogo hapo na punguzeni cheche digrii 3 hadi 4, kisha mrekebishe kule mkisoma lamda. Kwa wenye turbo, pangeni kikomo kwa presha kamili (ya hewa ya mahali pamoja na ya turbo): baa 1 ya geji ni kPa 182 Nairobi na 201 Mombasa.