Rangi ni neno la nani?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi ni fundi wa kutia rangi vitambaa, hili neno rangi nalitamka tangu asubuhi mpaka nafunga kazi. Juzi kijana ninayemfundisha kaniambia eti rangi ni Kiarabu, sisi wenyewe hatuna neno letu, nikabaki kimya sina la kumjibu. Ni kweli? Halafu kwa nini nguo tunaitia rangi ila ukuta tunaupaka, na rangi ni rangi tu? Na batiki nayo ni neno la wapi?
Fundi wa Vitambaa

JIBU: Pole na kazi fundi wangu, na asante sana kwa swali, maana hili neno nalipenda mno.

Mwambie kijana wako Kiarabu hapana, Mwarabu rangi anaiita laun. Rang ni Kiajemi, na Mhindi naye anasema rang, Mgujarati vilevile, yani ni neno la pande zote za bahari ya kule juu lililokuja na majahazi, sisi tukaliongezea i mwishoni kwa sababu Kiswahili hakipendi neno liishie hewani, kama tulivyoichukua bandar ya Waajemi tukapata bandari. Ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huko kuna mzizi wenye maana ya kuingia rangi, kuwa mwekundu, na pia kupenda mpaka moyo uchemke. Mzizi huohuo ndo umezaa neno raga, zile tuni za muziki wa Kihindi. Kwa hiyo rangi, mapenzi na muziki ni watoto wa mama mmoja, na mimi kila nikilikumbuka hilo nafurahi.

Ila kusema hatuna letu, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Kwanza tunazo sifa tatu za rangi zenye asili ya Kibantu: -eupe, -eusi, -ekundu. Hizi zinafuata nomino zake, nguo nyeupe, kitambaa cheupe, shati jeupe. Nyingi zilizobaki tumeziita kwa vitu vyenyewe: kijani ni jani, kijivu ni jivu, zambarau ni lile tunda linaloacha ulimi umebadilika, na manjano ni kile kiungo cha jikoni ambacho hata wewe fundi unaweza kukichemsha ukatilia kitambaa rangi. Yani hapo jina la rangi na dawa ya rangi ni kitu kimoja.

Pili, na hili ndo kubwa kwangu, neno linakuwa lako pale unapolipa vitenzi vyako. Rangi ilikuja mgeni lakini angalia tunavyoiongelea: rangi imekolea, rangi imekoza, imepauka, imechuja, imeshika, nguo ina marangirangi. Mwajemi hakutuletea hata kimoja cha hivyo. Chukua huko kuchuja, ukifua shati jeupe pamoja na kitambaa chekundu kipya maji yanaanza kuwa ya waridi, unalitoa shati mbio lakini wapi, limeshakunywa. Hapo tunasema kitambaa kimechuja, neno lilelile la kuchuja chai, na liko sawa kabisa maana kuna kitu kimetoka ndani kikapita kwenye maji. Ndo maana mafundi wanatumia shabu au chumvi kulingana na aina ya rangi na uzi, ili rangi ishike isitoke.

Na hapo tumefika kwenye kutia na kupaka. Kutia ni kuweka kitu ndani, unatia chumvi kwenye mboga, unatia maji kwenye ndoo. Kupaka ni juu juu, unapaka mafuta mwilini. Rangi ya ukuta inakauka juu kama ngozi nyembamba, ukikwaruza na kucha inabanduka. Rangi ya kitambaa inaingia kwenye uzi wenyewe na kushikamana nao, huwezi kuibandua. Kuna lugha zina majina mawili tofauti kwa vitu hivi, sisi jina ni moja lakini kitenzi kinafanya kazi yote, na mimi naona tumefanya vizuri.

Batiki nitaipitia haraka: ni neno la Kijava, Indonesia, kazi ya kuzuia rangi kwa nta, pale penye nta rangi haiingii. Mwaka 2009 UNESCO iliiweka batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Ila usiondoke bila kusikia habari za nili, ile rangi ya bluu ya vitambaa. Kisanskriti nila ni bluu ya giza, Waajemi na Waarabu wakaiita nil, Wareno wakasema anil, halafu miaka ya 1840 mkemia Fritzsche akaipika nili akapata kimiminika akakiita anilini. Mwaka 1856 huko London kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, anahangaika na anilini kutengeneza kwinini ya malaria, akapata uchafu wa zambarau unaotia hariri rangi, na biashara ya rangi za kiwandani ikaanzia hapo. Neno la zamani vile, limejificha ndani ya jina la kemikali!

Na nili ndo inaleta ubishi kwenye kutia na kupaka. Kwenye pipa la nili maji si ya bluu, ni kama kijani cha kuelekea manjano, kitambaa kinatoka humo kijani, kikikutana na hewa kinageuka bluu mbele ya macho yako. Kwenye nyuzi za jinzi sasa, ile nili haifiki katikati. Chomoa uzi mmoja wa bluu kwenye jinzi, ukate, uufumue kwa kucha uangalie kwa ndani, ni mweupe, bluu yote imekaa pembeni kama maganda. Ndo sababu jinzi inapauka magotini, ganda linalika weupe unatokeza. Sasa fundi, hapo utasema imetiwa au imepakwa? Mimi nasema imetiwa, maana imechovywa, ila mwonyeshe kijana wako huo uzi kwanza umsikie atasemaje.