Mvua imekata, mbu ndo wameanza

SWALI: Shikamoo dokta. Huku Mabatini mvua imekata, jua kali balaa, lakini mbu ndo wamezidi utadhani wanagawiwa bure. Sasa baba mwenye nyumba kila jioni anachoma takataka uani eti moshi unafukuza malaria, wanangu wanakohoa usiku kucha. Ni kweli unasaidia? (Mama wawili, Mwanza)

JIBU: Marahaba mama. Mbu kuzidi mvua ikikata ni kawaida kabisa, mvua kubwa ikishuka toka huko milimani inasomba viluwiluwi mpaka Mto Mirongo, ikikatika yanabaki madimbwi yaliyotulia na kwa joto letu hili yai linakuwa mbu ndani ya wiki moja mpaka mbili. Na sio mbu tu, hata kimelea cha malaria tumboni mwake kinaiva haraka kukiwa na joto, kwenye nyuzi 25 hivi kinachukua kama siku 12, chini ya 16 kinagoma (Mwanza hiyo baridi tutaitoa wapi).

Moshi sasa. Unaweza kumkera mbu kidogo, lakini haujathibitika kuzuia malaria, moto ukizima nyie mmelala yeye ndo anaingia kazini, vumbi la moshi limeshabaki vifuani mwa watoto. Hata zile dawa za mbu za duara, watafiti walipima wakatoa majibu 2003, moja tu ikiungua mpaka mwisho inatoa chembechembe laini sawa na sigara 75 hadi 137! Plastiki za uani ndo usiseme. Mwambie takataka zipelekwe kwenye gari la taka, maana makopo na matairi yakijaa maji ni wodi ya wazazi ya mbu.

Halafu maji ya bomba yakikatika tunajaza mapipa, hapo anazaliana yule mbu wa mchana mwenye madoa meupe, wa homa ya dengue iliyosumbua Dar 2014 na 2019. Mayai yake yanakaa makavu miezi bila kufa, kwa hiyo usimwage maji tu, sugua kingo za pipa kila wiki, na lifunike.

Neti usiku lazima. Mtoto akichemka kapime, malaria isipoonekana huenda ni hiyo dengue, usimpe aspirini wala diklofenaki, parasetamo inatosha mpaka aonwe tena. Na hicho kikohozi, ukiona anahema haraka au mbavu zinaingia ndani, usisubiri asubuhi.