Mofini ya sindano na ya kunywa, dozi si moja
Dada, kama mama alikuwa anachomwa mofini, dawa kali ya maumivu, wodini na sasa amepewa ya maji ya kunywa, usishtuke kuona namba kubwa kwenye karatasi. Miligramu 10 za sindano hukaribia 30 za kunywa, kwa hiyo usipunguze wala kuongeza mwenyewe. Kinachonitia hofu ni hizo diazepamu, vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, unazosema anameza usiku: zikikutana na mofini, pumzi hushuka. Mpigie daktari leo, kabla ya dozi ya usiku. Ukiona haamshiki, anapumua polepole sana na mboni za macho zimekuwa ndogo kama vidoa, usimpe tena, mkimbize hospitali. Wana naloksoni, dawa ya kuizima nguvu mofini. Choo kigumu nacho hakikosi, omba dawa ya kulainisha mapema. Uraibu? Kwa maumivu ya saratani na dozi ya daktari, hilo lisikunyime usingizi.