Vya watu vitoke kwanza: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Tanga hatujambo, mguu wangu umepoa, na kuku wawili kati ya wale watano wameanza kutaga. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa peke yangu barazani, maana nilisikia umechoka. Unasema chumba na sebule cha Temeke kimewashinda: Jumapili unapanga, ikifika Jumatano huoni sakafu. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe kila mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani, ulikuwa unatoa vyombo vyote uani, nyumba inabaki tupu. Mimi nianzie wapi, na nitupe nini?" Na wenzako kazini wamekwambia utupe kila kitu ambacho hukukigusa mwaka mzima.

Nakujibu kwa barua kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na nataka uwe nalo mkononi siku utakapojifunga kibwebwe uanze kazi.

Hilo la mwaka mzima mimi silikubali. Ndani ya sanduku langu, chini kabisa, ipo sanda niliyoletewa na shangazi yako kutoka Makka. Siigusi ila Shaabani tu: naikunjua, naiacha ipigwe na upepo kivulini, naikunja tena. Nimekutajia ilipo ili siku ikifika usihangaike kupekua. Sinia kubwa la pilau hutoka mara moja kwa miaka miwili, mitatu, harusi ikitukuta. Je, nilitupe? Nyumba zetu zina vitu vinavyongoja siku yake, na siku hiyo haifuati kalenda ya ofisini kwenu. Mimi nikishika kitu najiuliza kwanza: hiki ni cha nani?

Utaona swali hilo ni jepesi. Nilikuwa naliona hivyo na mimi, mpaka Shaabani ya mwaka 2009. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka ile asubuhi nilipokutuma dukani kununua steelwool mara mbili. Nilikuwa navuta vitu kutoka uvunguni mwa kitanda cha chumba cha kati, nikatoa gunia, na ndani ya gunia sinia. Sinia zuri, la alumini nzito. Nililisugua nikijisifu moyoni kwamba nimepata la akiba. Kuligeuza, chini kuna herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi ya kucha, nyekundu, moja imebanduka nusu. Hazikuwa zangu. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Lilikuwa la jirani yetu wa nyumba ya nne. Aliniazima kwenye akika ya kaka yako, miaka minne nyuma. Nami nilikuwa na hakika nimelirudisha, ningeweza hata kuapa. Kumbe siku ile ya akika mtu alilitia guniani kusaidia kupanga, akalisukuma chini ya kitanda, akaenda zake.

Nililiosha tena, nikakaanga visheti, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu, nikaenda. Yule mama alilipokea, akaligeuza, akatazama zile herufi. Hakusema neno. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa mkono. Akaenda ndani kuvaa baibui, akarudi na sinia vilevile mkononi, akaniambia, "Twende wote." Tukaenda hadi kwa mama mwingine, mtaa wa nyuma. Njiani ndipo aliponieleza: miaka ile yote alimdhania yule mwenzake kuwa ndiye aliyebaki na sinia lake. Walishaambiana maneno. Walikuwa wakikutana sokoni kila mmoja anatazama nyanya.

Tukafika. Akaliweka sinia chini, akasema kosa lake. Nami nikasema langu, kwamba lilikuwa kwangu muda wote. Yule wa tatu alitusikiliza, akasema, "Radhi nimetoa. Lakini miaka minne ni mingi." Hakucheka, na hakutukaribisha chai. Alikuwa na haki. Siku ya Idi alileta bakuli la tambi, na hapo nikalala usingizi.

Tangu mwaka ule, mwanangu, kabla sijagusa ufagio, natandika jamvi chini ya mwarobaini na vya watu vinatoka kwanza. Shaabani ni mwezi wa kuombana radhi kabla ya kufunga, na mimi naona huwezi kumwendea mtu kumwomba radhi wakati ungo wake umeufunikia unga wako.

Sasa tazama kwako. Nilipokuja Novemba nililala chumbani kwenu siku tano, na mama ana macho. Uvunguni pana begi la shemeji yako aliyehamia Mwanza. Nyuma ya mlango pana feni mbovu la mpangaji aliyetoka. Juu ya kabati lipo boksi la nguo za mtoto ambalo rafiki yako alikupa umfikishie mwenziwe mjamzito, na huyo mtoto sasa, kwa hesabu zangu, anatambaa. Kwenye rafu ya jikoni sufuria mbili zina alama za watu wengine, niliziosha mwenyewe. Hivyo vyote si takataka, na wala si vyako. Ndiyo maana kila Jumapili unavihamisha kutoka kona hii kwenda kona ile: huwezi kuvitupa na huwezi kuvitumia. Mpigie shemeji yako leo, kwa upole, umwambie begi lako lipo salama, nilikabidhi kwa nani? Mpe tarehe. Kumtunzia mtu amana ni heshima kubwa, lakini amana isiyo na siku ya mwisho inakula nyumba kama mchwa.

Hayo yakishatoka utaona sakafu hata kabla hujaanza.

Kisha ndiyo utoe vyenu. Najua huna ua wa peke yako, mnagawana na wapangaji wanne. Waambie mapema, chagua siku isiyo zamu ya mtu kufua, na utoe chumba kimoja kwa siku moja. Lakini kitoke chote, mpaka misumari ya ukutani ibaki mitupu. Ukipanga kitu kikiwa ndani, jicho limeshakizoea, halikioni. Kikikaa juani saa nne ya asubuhi kila kitu kinajisema: kikapu kilichooza kitako, ndoo iliyotoboka, mkeka uliokatika ukingo. Mimi mkeka wa ukindu nilikuwa naukanyaga mwaka mzima bila kujua panya wamekula pembe. Nje niliuona kwa mara moja.

Jua lenyewe lina kazi yake, usidhani tulikuwa tunafuata desturi tu. Godoro la sufi likipata unyevu hushikana mabonge, unalala kama juu ya viazi. Tulikuwa tunalilaza juu ya kitanda cha kamba pale uani, tunaligeuza adhuhuri, tunalipiga kwa fimbo, na kufika alasiri sufi imefutuka, godoro limepanda mpaka shuka halitoshi. Miguu ya kitanda tuliimiminia maji yanayochemka kwenye matundu ya kamba, humo ndimo kunguni wanamozalia. Wewe na kaka yako mlipenda kulala juu ya godoro lile lingali na joto la jua. La kwako ni sponji, usiliache kwenye jua kali kutwa nzima, linaliwa na jua na kuanza kumomonyoka. Lisimamishe ukutani palipo na upepo, pande zote mbili, basi.

Shida ya Shaabani ni kwamba haina msimu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma. Mwaka 2018 Ramadhani iliingia katikati ya Mei, na Shaabani yote ikawa ndani ya masika. Nilitoa magodoro saa tatu, saa nne nayaingiza mbio, na nguo zilizokunjwa na unyevu zikaota ukungu mpaka Idi. Niliposhindwa niliacha, nikasubiri kusi ivume, pakauke. Mwaka huu wa 2026 tumejaliwa: mfungo tunautarajia Februari, kaskazi inavuma, anga limekauka. Usiipoteze nafasi hii.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Makunduchi, alikuwa na siku yake nyingine tena, Siku ya Mwaka. Ni mwaka wa siku 365 usioongezwa ile siku ya mwaka mrefu, ndiyo maana nao husogea pole pole. Siku hizi huangukia Julai. Watu wanaujua kwa jina la Mwaka Kogwa, wanakwenda kutazama wanaume wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa moto. Bibi alinisimulia zaidi ya jikoni: moto wa zamani unazimwa, jivu lote linazolewa kwenye mafiga, ndipo unawashwa mpya. Na wale wanaopigana kwa migomba, alisema, wanatoa kinyongo cha mwaka. Ukishapigwa umepigwa, hapana kwenda nacho nyumbani. Sijui kama aliona anachonifundisha, lakini kila nikizoa jivu namkumbuka.

Nguo. Hapa nenda taratibu. Kanga usizitoe ovyo. Kanga mpya inavaliwa kwa wageni, ikipauka inavaliwa nyumbani, ikilainika ndiyo mbeleko nzuri kuliko zote, ikichanika inakuwa nepi, kisha kitambaa cha kushikia sufuria, na mwisho tambara la kupigia deki. Kanga niliyokubebea wewe ndiyo niliyomfunikia mjukuu wangu alipozaliwa, bado upindo wake unasomeka. Kwa hiyo kila kanga iulize imefika wapi katika safari yake, na uiweke na wenzake wa hatua hiyo. Za kuvaa zikauke kabisa, zikunjwe, utie karafuu chache kwenye kitambaa na majani makavu ya mwarobaini.

Za kutoa, nakuomba kwa moyo wangu wote: zifue, zipige pasi, shona kifungo kilichotoka, ndipo umpe mtu. Tulifundishwa chuo cha Kurani tangu wadogo tusitoe kile ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Niliwahi kupokea mfuko wa nguo za watoto, baba yenu alipokuwa hana kazi. Suruali nne, zipu zote zimekufa, moja ina mkojo uliokaukia. Nilimshukuru aliyenipa, nikaingia ndani nikalia. Kilichochakaa kikate matambara, kiwe chako mpaka mwisho wake. Usimtwishe mwenzio kazi ya kukutupia.

Mengine ni mepesi. Vyuma, masufuria yaliyotoboka na hilo feni, mwenye feni akishasema halitaki, wape vijana wa vyuma chakavu wanaopita na mkokoteni, wakupimie kwa kilo mbele yako. Chupa za plastiki wana wenyewe wanaozikusanya. Chaja zisizo na simu ziondoe. Nami nilipoinua godoro langu juzi nilikuta fungu la mifuko ya rambo, imekunjwa pembe tatu moja moja, nimeihifadhi tangu kabla haijapigwa marufuku Juni 2019. Nilikuwa naiweka ya nini? Nimeitoa.

Ukishapanguza kuta na kupiga deki, kabla hujarudisha hata kijiko, washa mkaa, tia ubani kwenye chetezo, ufukize chumba kikiwa kitupu. Moshi ufike pembeni. Keti kidogo na mumeo na mtoto, hata kwenye mkeka mmoja tu, mpaone. Kisha anza kurudisha, na kile ambacho huoni mahali pake usikilazimishe kiingie.

Jambo moja zaidi. Na wewe una amana kwangu. Tranka lako la sekondari liko chumba cha uani, juu ya matofali mawili ili mchwa wasilifikie. Nililifungua jana kulipanguza. Sweta la shule lipo, na jina lako nililolishona kwa uzi mweupe kwenye kola halijafumuka. Mkebe upo, bikari imeshika kutu. Madaftari ni kumi na saba, lile la jiografia lina ramani ya mito uliyoipaka bluu mpaka nje ya mstari. Muuza karanga ananiulizia karatasi kila wiki, na mjukuu wa jirani anaingia kidato cha kwanza na hana sweta. Sijatoa kitu, si changu.

Njoo kabla mwezi haujaandama. Ukipanda basi Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi tutalitoa tranka uani tulifungue wote wawili, useme wewe. Na lile hotpoti langu la kijani, nililoliacha kwako siku ya akika ya mjukuu wangu, uje nalo.

Mama yako,
Ngamiani, Tanga