Laptop ya RAM GB 1: weka antiX ya biti 32

Kaka wa Ujiji uliyeuliza uweke mfumo gani kwenye laptop yako, kwa RAM ya GB 1 na prosesa ya biti 32 achana na Windows 10. Chukua antiX ya biti 32, mfumo mwepesi wa Linux. Ya 64 haitawaka kabisa. Flashi ya GB 4 inatosha. Iandike kwa Rufus, programu ya kuweka mfumo kwenye flashi, na ikikuuliza namna, chagua DD. Iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi uone kama Wi-Fi inashika. Ikitaka nywila, andika demo. Hamisha picha zako kabla, maana kusakinisha kunafuta diski. Swap, yaani sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, iwe GB 2, na kwenye kivinjari usizidishe tabo mbili.

Kinachowachanganya wengi ni betri ndogo ya saa ndani ya mashine. Ikifa, na betri kubwa ya laptop nayo haishiki chaji, kila umeme wa Kigoma ukikatika tarehe inarudi miaka nyuma, tovuti zinagoma kwa kosa la cheti cha usalama, nawe unalaumu bando bure. Rekebisha tarehe kwanza. Kisha badilisha betri: mara nyingi ni CR2032 yenye waya na plagi ndogo, kwa hiyo ile ya duara tupu haitakaa.