Shangazi, ukisomea kinga ya mwili huko unakuwa daktari?

Mwanangu, barua yako kutoka Kisumu nimeisoma mara tatu. Unauliza kama anayekuja Uingereza kusomea elimu ya kinga ya mwili humaliza akiwa daktari, na kama ni busara baba yako auze shamba la mpunga la Ahero ili akulipie karo. Nakujibu mbele ya watu kwa sababu vijana wengi wa kwetu huniuliza hayo hayo.

Daktari hutakuwa. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, kama niliyoanza nayo hapa Glasgow kabla ya kuendelea na uzamivu, hukufanya mtu wa maabara, na haikupi leseni ya kutibu mtu yeyote, huku wala huko nyumbani. Mgonjwa mwenyewe humwoni. Unachoona ni damu yake ndani ya kichupa chenye namba.

Miezi ya mwanzo niliimaliza mbele ya sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kinatosha punje moja ya hindi. Unatia majimaji ya damu, unaosha, unatia kingamwili (protini ya kinga inayonasa kitu kimoja maalumu) iliyounganishwa na kimeng'enya (enzaimu), unaosha tena, kisha unatia dawa ambayo hugeuka buluu pale tu ambapo kile unachokitafuta kimo. Ukidondoshea asidi, buluu hiyo huwa manjano, na mashine hupima ukolezo wa rangi. Siku moja niliosha kwa haraka, sahani nzima ikawa manjano, na kazi ya tangu asubuhi ikamwagwa. Nilitoka nje nikalia, na ilikuwa saa kumi kasorobo alasiri ya Desemba, jua limekwisha kutua.

Hata hivyo naipenda kazi hii, na sababu zake ziko kwetu. Ule uvimbe wa taya unaowapata watoto wa kanda ya ziwa, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ni saratani ya seli B, yaani zile seli nyeupe ambazo hukomaa na kutengeneza kingamwili. Mwaka 1975 wanasayansi Georges Köhler na César Milstein waligundua huko Cambridge namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu kwa wingi, na kutokana na ugunduzi huo zikapatikana dawa kama rituksimabu, ambayo hujibandika kwenye seli B ili mwili uziangamize. Nilipofundishwa hayo nilimkumbuka mtoto wa jirani yetu wa Nyalenda, aliyezikwa kabla hajaanza shule.

Vivyo hivyo chanjo ya malaria. RTS,S, iliyoanza kutolewa nchini Kenya, huko Homa Bay, mwaka 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa kwa watoto wa Siaya na Kombewa pamoja na wa nchi nyingine za Afrika. Mimi nimevuka bahari kuja kufundishwa matokeo yaliyotoka mwendo mfupi tu kutoka kwa mama yangu, na jambo hilo huniuma.

Mwili wangu nao ulinifunza. Kinga ya malaria hujengwa kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni, na hupungua ukikaa mbali na mbu wenye vimelea. Nilijua hayo kutoka darasani, lakini nilipokuja likizo baada ya miaka mitatu sikumeza dawa za kujikinga, kwa kuwa nilijiona naenda kwetu. Siku ya kumi na mbili mama alinikuta sakafuni natetemeka, nikalazwa. Kila aliyeko ughaibuni na ajue hilo kabla hajakata tiketi ya kurudi ziwani.

Kuhusu fedha, anayekuambia kwamba utafanya kazi ujilipie karo anakudanganya. Viza ya mwanafunzi inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na hizo hazifiki hata kwenye kodi ya nyumba na chakula. Ada ya afya pekee ni pauni 776 kwa mwaka, nayo hudaiwa unapoomba viza, kabla hujaiona hiyo Uingereza.

Kwa hiyo mwambie kaka yangu, kwa heshima yote, asiuze shamba. Wewe umemaliza biolojia Maseno, na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iko Kisian, barabara hiyo hiyo ya kwenda Maseno. Omba nafasi ya kujifunza kazi huko, hata kama mwanzoni utakuwa wa kuosha vyombo na kupanga vichupa. Ukishafanya kazi miaka miwili unaweza kuomba ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, ambao hulipa karo na kukutaka urudi nyumbani baadaye. Fomu ukizijaza nitumie nizisome kabla hujazipeleka, na usione haya kuniandikia usiku, kwani saa hizo huwa bado niko maabara.