Residensi ya VA au kliniki binafsi?
Dada, kati ya residensi (mafunzo kazini baada ya kuhitimu) ya mwaka mmoja ya VA, yaani idara ya Marekani inayotibu wanajeshi wastaafu, na hiyo kliniki binafsi yenye hela ndefu, mi ningechukua VA. Hela ndogo kweli, ila kuna mtu wa kumuuliza kabla hujamwandikia mwanajeshi mstaafu lithiamu, ile dawa ya magonjwa ya akili, maana mmoja anakuja na kiwewe cha vita, pombe na usingizi hakuna. Mi nilianzia kliniki binafsi, wiki ya pili wagonjwa 18 kwa siku peke yangu, wee! Cheki uraia kwanza, VA kwa kawaida wanataka raia wa Marekani, grinikadi inaweza kukukwamisha. Na kabla hujasaini waulize ukimaliza wanakuajiri au ndo kwaheri, ule mpango wao wa kulipa mkopo wa shule hadi dola 200,000 kwa miaka 5 ni wa walioajiriwa.